Udhibiti wa jeni na ustahimilivu wa chumvi kwa mimea

Udhibiti wa jeni katika ustahimilivu wa chumvi ni namna seli za mmea zinavyowasha, kuzima, kuongeza au kupunguza kazi ya jeni fulani ili mmea uweze kuishi katika udongo wenye chumvi nyingi.

Athari za chumvi

Chumvi hudhuru mmea kwa njia mbili. Kwanza, mizizi hushindwa kufyonza maji kwa osmosisi, hata kama udongo umelowa. Pili, ioni za sodiamu hujilimbikiza katika majani na kuchukua nafasi ya potasiamu inayohitajiwa na vimeng'enya.

Mfumo wa SOS

Mfumo unaofahamika zaidi ni SOS, uliochunguzwa katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa familia ya kabichi. Chumvi inapozidi, kalsiamu huongezeka ndani ya seli za mzizi. Protini SOS3 hunasa kalsiamu hiyo na kuamsha SOS2. Hiyo nayo huamsha SOS1, protini ya utando wa seli inayotoa sodiamu nje na kuingiza ioni za hidrojeni. Wakati huohuo jeni ya SOS1 hunakiliwa kwa wingi zaidi. Protini nyingine, NHX1, hufungia sodiamu ndani ya vakuoli isidhuru sehemu nyingine za seli.

Tofauti kati ya mimea

Kuwa na jeni hizo hakutoshi. Arabidopsis inazo, lakini haivumilii chumvi nyingi. Ndugu yake, Eutrema salsugineum, huota penye chumvi. Kwake jeni ya SOS1 hufanya kazi kwa kiwango cha juu hata kabla chumvi haijaongezeka. Tofauti basi imo pia katika wakati, mahali na kiasi cha matumizi ya jeni.

Matumizi katika kilimo

Mwaka 2005 watafiti walitambua jeni SKC1 katika Nona Bokra, mpunga wa kienyeji wa India. Protini yake huondoa sodiamu katika zailemu, yaani mishipa inayopandisha maji, kabla haijafika majanini. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walitangaza kwamba jeni ya aina hiyo kutoka ngano ya kale, Triticum monococcum, ikiingizwa katika ngano ya durum kwa uzalishaji wa kawaida, huongeza mavuno kwa asilimia 25 katika shamba lenye chumvi.

Hata hivyo ustahimilivu hutegemea jeni nyingi, na mbegu bora haziondoi haja ya mifereji ya kutoa maji ya chumvi shambani.