Wasia wa Amelia Edwards na Vyungu vya Naqada
Mwandishi Amelia Edwards alipofariki mwaka 1892, aliiachia University College London vitabu vyake na mamia ya vitu vya kale vya Misri. Hiyo ndiyo mbegu ya Makumbusho ya Petrie, yenye vitu takriban 80,000 leo.

Ukiingia humo, anza na chungu chekundu chenye mdomo mweusi. Kina zaidi ya miaka 5,000, na bado kinang'aa! Kilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, kikasuguliwa kwa kokoto. Weusi huo ni alama ya moto uliokosa hewa.

Kisha angalia mitungi yenye vishikio vya mawimbi. Kwenye ile ya mwanzo, vidole vinapata pa kushika. Kwenye ya baadaye, vishikio vimesinyaa vikawa mchirizi wa pambo tu. Kwa mabadiliko kama hayo, mwanaakiolojia Flinders Petrie, ambaye makumbusho haya yana jina lake, aliyapanga makaburi ya Naqada, Misri, yenye vyungu kama hivi, kwa kufuatana, bila kujua mwaka wa hata moja.