Goretti Jerotich: jina moja, funguo mbili

Cheti cha ubatizo cha zamani hapa Eldoret husomwa kwa funguo mbili. Chukua Goretti Jerotich. Jerotich haisumbui: kwa Kikalenjin ni msichana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi bomani. Goretti ndiyo kazi. Kule Italia hilo ni jina la ukoo. Mwitalia akisikia binti akiitwa Goretti atashangaa kama sisi tungemshangaa mzazi wa Torino aliyembatiza mwanawe Arap Moi.

Mwenye ukoo huo ni Maria Goretti, mtoto wa wakulima maskini. Julai 1902, karibu na Nettuno, kijana alimchoma kwa chombo chenye ncha kali alipokataa kunajisiwa. Alikuwa na miaka 11. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1950. Bosco (mtakatifu tangu 1934) na Savio (1954) ni majina ya koo vilevile. Basi hata mchwa wakila tarehe, jina husema kitu: mtoto aliyeitwa Savio hakubatizwa miaka ya 1920.

Na walioleta majina haya huku hawakuwa Waitalia. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino waliingia Kenya 1902 wakashika upande wa Nyeri. Uasin Gishu ilikuja kuwa ya mapadri wa Kiayalandi, wale wa Kiltegan. Eldoret ilipokuwa jimbo mwaka 1959, askofu wa kwanza alikuwa Joseph Houlihan, mmoja wao.

Kisha kuna Kilatini, lugha ya vitabu vya ubatizo vya enzi hizo. Padri akiandika Aloysius, huyo ni Luigi, yule wa Gonzaga. Nyumbani akawa Aloys, kwa chifu akawa Aloice, na mjukuu anayetafuta pasipoti leo anadhani alikuwa na babu watatu.

Ninayempenda zaidi ni Filomena. Mwaka 1802, katika makaburi ya Priscilla mjini Roma, lilipatikana kaburi lililozibwa kwa vigae vitatu: LUMENA, PAXTE, CUMFI. Kwa mpangilio huo ni upuuzi. Chukua kigae cha kwanza ukiweke mwisho: Pax tecum, Filumena. Amani iwe nawe, Filumena. Hayo ndiyo maneno yote yaliyopatikana juu yake, na mwaka 1961 Roma ikaiondoa sikukuu yake kwenye kalenda. Akina Filomena wa huku wakabaki Filomena.