Shoka Kuukuu na Chuma cha Voi

Shoka ni zana ya sehemu mbili zisizo na umri mmoja: kichwa cha chuma, ambacho kikitunzwa hurithiwa na wajukuu, na mpini wa mti, ambao katika nchi kavu kama ile inayouzunguka mji wa Voi husinyaa na kulegea mapema kuliko mwenye shoka anavyotarajia. Kwa sababu hiyo, kufufua shoka kuukuu, yaani kuondoa kutu, kuchonga makali upya na kutia mpini mwingine, kazi ambayo siku hizi wapenzi wa zana katika nchi nyingi huifanya kwa kujifurahisha, ilikuwa katika eneo hilo la Taita-Taveta, nchini Kenya, sehemu ya kawaida ya kumiliki shoka. Yaliyobadilika sana tangu karne ya 19 ni mambo ya chuma: kilikotoka, ugumu wake na watu waliokifua.

Kabla ya reli, chuma kilikuwa na vyanzo vya karibu. Watafiti wa mambo ya kale, akiwamo Chapurukha Kusimba, wamechunguza mabaki ya uyeyushaji chini ya Mlima Kasigau, kusini ya Voi, ambako ardhi imehifadhi mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki baada ya madini kuyeyushwa kwa moto wa makaa uliochochewa na mivukuto. Ng'ambo ya Ziwa Jipe, katika milima ya Upare Kaskazini, wahunzi waliyeyusha mchanga mweusi wenye chuma uliokusanywa vijitoni, na mapokeo ya Ugweno, sehemu ya milima hiyo, yaliyochunguzwa na mwanahistoria Isaria Kimambo yanaeleza kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, walishika utawala mpaka walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Mapokeo ya namna hiyo huchukuliwa kwa tahadhari, lakini ni vigumu kudhani kwamba yangewapa wahunzi nafasi hiyo mahali ambapo jembe na shoka vilikuwa vitu vya kupatikana kwa urahisi. Chanzo cha tatu kilikuwa misafara ya biashara iliyotoka Mombasa kupitia Taita hadi Taveta na Kilimanjaro, ambayo pamoja na shanga na nguo ilibeba waya nene za chuma, na wahunzi wa bara walizipasha moto na kuzifua kuwa zana na silaha.

Shoka la wakati huo halikufanana na lile linalouzwa leo madukani. Kichwa chake kilikuwa bapa jembamba lenye msuka, yaani mkia uliochongoka, ambao ulipenyezwa katika kirungu cha mpini, ile sehemu nene ya juu iliyoachwa makusudi ili mti usipasuke. Kila pigo liliusukuma msuka ndani zaidi, kwa hiyo shoka lilijikaza lenyewe kadiri lilivyotumika, na mwenye nalo angeweza kuuchomoa msuka na kukigeuza kichwa kikawa tezo ya kuchongea. Shoka la Kizungu, lenye tundu ambamo mpini hupita na kukazwa kwa kabari, hustahimili mapigo mazito zaidi, lakini hutegemea mti ukae katika unene uleule. Katika kiangazi cha Voi hilo ni tegemeo dhaifu, na dawa iliyozoeleka, ya kulilaza shoka majini usiku kucha, hukaza mpini kwa siku chache tu kisha ukilegea huwa umelegea zaidi.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi kabla ya wajenzi wake kufika Mto Tsavo mwanzoni mwa 1898, na mji wenyewe, pamoja na mitaa yake kama Kaloleni, ulikua kando ya njia hiyo. Mashoka ya kiwandani yalihitajika kufyeka vichaka, na baadaye kupasua kuni zilizoendesha garimoshi kwa miaka mingi. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto mpakani mwa makoloni ya Waingereza na Wajerumani, Waingereza walianza tawi la kutoka Voi kuelekea Taveta, ambalo mwaka 1916 liliunganishwa na reli ya Kijerumani ya Usambara. Mwaka huohuo wa 1915 watu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, na historia ya ufundi wowote wa mlima ule ina ufa mahali hapo.

Vita vilipokwisha, mashamba ya mkonge na malori yalileta chuma kilichomfaa mhunzi kuliko chote kilichotangulia. Si kila chuma cha reli kinafaa makali: mataruma ya chuma, yaliyotumika kwa sababu mchwa wangekula ya mbao, yana kaboni kidogo mno na hayashiki ugumu hata yakichovywa majini yakiwa mekundu. Springi ya lori, kinyume chake, ina kaboni karibu nusu asilimia au zaidi, na ndiyo inayogeuzwa shoka na panga na mafundi wa jua kali kote nchini Kenya.

Anayefufua shoka leo hana budi kujua tofauti hizi. Kutu huondolewa kwa kulaza kichwa katika siki na kukisugua kwa brashi ya waya, kazi rahisi. Hatari iko kwenye grainda, mashine ya kusagia, kwa kuwa makali yakipata moto hadi kugeuka buluu, takriban nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu aliouweka mhunzi hupotea, na shoka litang'aa kama jipya huku likikunjika kwenye mti mkavu. Tupa na subira ni salama zaidi. Namna ya kujaribu ni kupitisha tupa juu ya makali: ikiteleza, chuma bado ni kigumu, ikiuma kwa urahisi, kichwa kinahitaji kurudishwa motoni. Mpini mpya hupakwa mafuta ya kitani, ambayo hukauka ndani ya mti, jambo ambalo mafuta ya nazi hayafanyi.

Mti wa mpini nao una historia yake. Mkole, unaonyumbulika bila kuvunjika, unapendwa kwa kazi hii, lakini tangu Mbuga ya Tsavo itengwe mwaka 1948, na hasa tangu ranchi za ukanda wa Kasigau ziingie katika mradi wa kuuza hewa ya kaboni, ambao mwaka 2011 ulipata hati zake za kwanza, mtu mwenye shoka msituni hutazamwa kwanza kama mchoma makaa. Chuma chakavu nacho kiliwekewa amri: biashara yake ilisimamishwa nchini Kenya Januari 2022, kufuatia uharibifu wa miundombinu, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo. Katika hali hiyo kichwa kuukuu kilichotupwa nyuma ya nyumba si cha kudharauliwa, na mpini waweza kupatikana kutoka vipande vinavyobaki kwa maseremala. Wanaopamba shoka hufunga waya wa shaba shingoni mwa mpini, chini kidogo ya kichwa, pambo ambalo pia huzuia ufa usiteremke.