Ukuta Wenye Mlango

Tumezoea kuuliza juu ya mwanamke: Je, ni mtawa, au ameolewa? Asiye hiki wala kile hatujui tumweke wapi. Basi leo tuwakumbuke wanawake wa Flanders, katika nchi ya Ubelgiji, walioitwa wabegina.

Mwaka 1234 kijiji chao cha Mtakatifu Elizabeti kilianzishwa mjini Ghent, na mwaka 1245 kingine mjini Bruges. Kilizungukwa na ukuta, na lango lilifungwa usiku. Ndani mlikuwa na kanisa, nyumba ya wagonjwa na vijumba vya wakazi. Wengi wao walikuwa mabinti ambao monasteri zilijaa wasipate nafasi, au wazazi wao hawakuwa na mali ya kuwaingizia huko. Hawakuweka nadhiri za daima. Maadamu walikaa humo, waliahidi usafi wa moyo na utii kwa mama mkuu wao. Aliyetaka kuolewa alitoka kwa amani. Walikula jasho lao: waliosha sufu, walifuma, waliuguza wagonjwa na kufundisha wasichana.

Lakini asiye na jina hushukiwa upesi. Mwaka 1310 Marguerite Porete, aliyeitwa begina, alichomwa moto mjini Paris kwa ajili ya kitabu chake. Mtaguso wa Vienne, wa 1311 hadi 1312, ukalaani maisha ya wabegina, ingawa uliwaachia wanawake waaminifu ruhusa ya kumtumikia Mungu katika nyumba zao. Amri hiyo ilipotangazwa mwaka 1317, wengi walitaabika, wema pamoja na wapotovu. Ndipo mwaka 1328 wajumbe wa Askofu wa Tournai walipofika Ghent. Hawakutosheka na uvumi. Waliingia langoni, wakatazama jinsi wanawake wale walivyosali na kufanya kazi. Kijiji kikasalimika.

Karne nyingi baadaye, Marcella Pattyn, aliyezaliwa mwaka 1920 katika Kongo ya Wabelgiji, alitamani utawa. Mashirika yalimkataa kwa kuwa alikuwa karibu kipofu. Wabegina wa Ghent walimpokea mwaka 1941. Alifuma, aliwapigia wagonjwa muziki, na alipofariki mjini Kortrijk mwaka 2013, alikuwa begina wa mwisho.

Ndugu zetu, ukuta ule haukuwa gereza. Ulikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Je, parokia yetu ina mlango wa namna hiyo? Yupo mjane anayefua vitambaa vya altare, yupo dada asiyeolewa anayewafundisha watoto katekisimu. Tusiwahukumu kwa uvumi. Tuwatembelee, tuone kazi ya mikono yao, kisha tuwape nafasi yao mezani.

Ee Bwana, uliyepokewa na Martha na Maria nyumbani kwao, utufundishe kuwapokea hao. Amina.