Majumba Yaliyohama Ufuoni mwa Nyasa

Anayekwenda Lumbila kutoka Kyela, barabara humtupa mkono Matema. Kuanzia hapo milima ya Livingstone imezama wima ziwani, haikubakiza hata kichochoro cha gari, na safari inaendelea kwa mtumbwi au boti.

Njiani unaipita Ikombe, kwa Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu. Vikishachomwa hupakiwa mitumbwini na kupelekwa mnada wa Lyulilo, kando ya Matema. Wamisionari wa Berlin, walioingia Unyakyusa mwaka 1891 wakiongozwa na Alexander Merensky, nao walifungua kituo Ikombe.

Lumbila ndiyo Langenburg ya kwanza, kituo cha utawala wa Wajerumani. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann von Wissmann alileta Ziwa Nyasa meli ya chuma iliyopandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, na kubebwa vipande vipande nchi kavu penye maporomoko. Sehemu ya fedha ilitokana na bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa ajili ya kupiga vita utumwa. Mtu alikata tiketi kwao, meli ikaelea huku. Ikapewa jina la Wissmann mwenyewe. Kituo kikapewa jina la ukoo wa Hohenlohe-Langenburg, kwa kuwa mwanamfalme wake alikuwa akiongoza chama cha Wajerumani waliotaka makoloni.

Basi hapo, kwenye kipande cha ardhi kati ya mlima na maji, serikali ikawa na mtaa wake. Haukudumu. Homa ilikuwa nyingi, na wenye kutawaliwa walikuwa wengi zaidi upande wa pili, tambarare na juu milimani. Karne ya 20 ilipoanza, ofisi zilihamia Tukuyu kwenye baridi, pakaitwa Langenburg Mpya. Huko nako tetemeko la ardhi likabomoa majengo mwaka 1919.

Lakini kwangu mimi, mtaa wa fahari wa pwani hii haukuwa Lumbila. Ulikuwa tambarare, chini ya migomba. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, kabla ya boma lolote, alishangazwa na usafi wa vijiji vya Wanyakyusa: nyua zilizofagiwa, migomba iliyopangwa, nyumba za mianzi zenye kuta zilizoinamia nje kidogo, na katikati ya mianzi mabonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono na kupangwa kwa ustadi. Kulikuwa pia na nyumba ndefu ambamo ng'ombe walilala upande mmoja, watu upande mwingine, na upande wa ng'ombe ulifagiwa kila siku. Msafiri aliyezoea kudharau vibanda hakupata pa kushika.

Na mitaa hiyo nayo ilihama, ila kwa utaratibu. Monica na Godfrey Wilson, walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo nyumba hii, kesho ile. Wakakua, wakaoa, wake wakaletwa hapohapo, na vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima wa rika moja. Kizazi kilipotimia ilifanyika ubusoka: wazee wakakabidhi utawala kwa wana, wakasogea kuwaachia nafasi. Wajerumani walihama kwa sababu ya homa. Wanyakyusa walihama kwa sababu mtoto amekua. Kumbukumbu za kikoloni huita la kwanza uamuzi wa serikali na la pili desturi, jambo ambalo sijawahi kulikubali.

Siku hizi fedha za kakao na mpunga hujenga kwa tofali za kuchoma na bati, na ng'ombe mara nyingi wamepewa banda lao nje.