Kitanzi cha Kamiti na Hofu Isiyokinga

Wanaotetea adhabu ya kifo husema kwamba anayejua atanyongwa atasita kuua. Hoja hiyo imeibeba sheria ya Kenya tangu enzi za mkoloni, lakini historia ya nchi hiyo haiiungi mkono. Katika miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, serikali ya kikoloni iliwanyonga zaidi ya watu 1,000 kwa kuhusishwa na Mau Mau, waasi waliopigana nayo. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kukutwa na risasi kulitosha. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957 kwa kosa la kumiliki bastola. Hata hivyo, vita vya msituni havikuzimwa na kitanzi. Vilidhoofishwa na majeshi, kambi za kizuizini na kuhamishwa kwa nguvu kwa zaidi ya watu milioni moja hadi vijiji vilivyolindwa.

Kenya huru ilikirithi kitanzi hicho, na katika miaka ya 1970 ikakipanua: wizi wa mabavu nao ukawa na adhabu ya lazima ya kifo, hata pale ambapo hakuna aliyeuawa. Hapo sheria ilijipinga yenyewe. Jambazi aliyekwisha kustahili kifo kwa kuiba akiwa na silaha hana cha kupoteza akimuua shahidi, na anaweza hata kunufaika na ukimya wake. Mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu alionya kuhusu jambo hilo mapema, mwaka 1748. Ujambazi haukukoma, na kufikia 2009 zaidi ya wafungwa 4,000 walikuwa wakisubiri kunyongwa. Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu kuwa kifungo cha maisha, akaagiza ichunguzwe kama adhabu ya kifo ina faida yoyote katika kupambana na uhalifu.

Mpinzani atajibu kwamba hofu ilipotea kwa sababu hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Basi tutazame Marekani, ambako hukumu hizo hutekelezwa. Majimbo ya kusini ndiyo yanayoongoza kwa kuua wafungwa, na ndiyo pia yenye viwango vikubwa vya mauaji. Ni kweli kwamba tofauti hiyo inaweza kuwa na sababu nyingine, kama umaskini na wingi wa bunduki. Lakini mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu, likaamua kwamba haziwezi kutumika kuonyesha kama adhabu hiyo inapunguza mauaji, inayaongeza au haina athari.

Mzigo wa uthibitisho ni wa dola inayotoa uhai, kwa kuwa aliyenyongwa kimakosa harudishwi na rufaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa muuaji, lakini adhabu yenyewe imebaki vitabuni. Bunge liifute, na nguvu zielekezwe kwenye upelelezi, ulinzi wa mashahidi na kesi zinazokwisha kwa wakati, kwa maana muuaji huogopa zaidi kukamatwa kuliko adhabu anayoamini haitamfikia.