Kisu cha Okapi cha babu: soma maandishi kabla ya kukibadilisha

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Rudewa, leo naweka mbegu na mbolea kando. Nazungumzia kisu cha kukunja cha Okapi, kile chenye mpini wa mbao, alama za mwezi na nyota ubavuni, na pete mgongoni.

Kisu hiki kilianza kutengenezwa 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika. Nchi yetu ilikuwa mojawapo. Jina lilitokana na mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambua 1901 (ukienda Mikumi usimtafute, hayupo). Miaka hiyohiyo reli ya kati ilikuwa inajengwa: ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kumalizikia Kigoma 1914. Bidhaa za Ujerumani zikapata njia ya kuingia bara.

Hakikuwa kisu cha matajiri. Kilikuwa cha bei nafuu, cha mtu wa kazi, na ndiyo maana vingi vilinolewa mpaka vikaisha. Vilivyobaki vizima ndivyo wakusanyaji wa vitu vya kale wanavyovitafuta.

Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Kwa hiyo kabla ya kukubali kupewa kisu kipya kinachong'aa kwa hicho cha babu, kifungue, usome bapa. Tangu 1938 sheria ya Ujerumani hairuhusu neno Solingen kuandikwa kwenye kisu kilichotengenezwa nje ya eneo hilo. Ukilikuta pamoja na Okapi, ni dalili ya kisu cha zamani, ingawa waghushi nao wanajua kuandika. Angalia pia kama bapa bado ni pana, kama meno ya mgongoni yanalia kinapofunguka, na kama mpini ni ule wa mwanzo.

Chuma chake hushika kutu, si kama visu vya jikoni vya siku hizi. Kata ndimu nacho, kitabadilika rangi kuwa kijivu. Hilo si kasoro. Wengi huharibu hapo: wanakisugua kwa msasa mpaka maandishi yanafutika, na thamani inaondoka nayo. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Usikipeleke kwenye mashine ya kunolea. Joto likigeuza makali kuwa ya bluu, chuma kimelainika. Tumia jiwe na maji.

Kwa kubebesha michungwa au kukata kamba, kile cha Afrika Kusini kinatosha kabisa. Sioni sababu ya kumaliza cha zamani shambani. Na kama bapa limeshabaki jembamba kama jani la mchaichai, hakuna mkusanyaji atakayelitaka. Endelea kumenyea mihogo.